Chenso ndogo na nyepesi: ipi imekulipa? Tupeane uzoefu

Gogo Kavu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Chenso yangu ndogo (msumeno wa cheni) iko mwaka wa sita sasa na imeanza kuchoka. Ikishapata moto haikubali kuwaka mpaka ipoe, na ikiwa katikati ya gogo inakosa nguvu. Nawaza kuchukua nyingine, ila kabla ya hapo naomba tukusanye uzoefu wa watu waliokaa na mashine hizi muda mrefu. Maneno ya kwenye boksi nimeshayasoma.

Nazungumzia zile zisizozidi kilo 5 kabla ya kufunga bapa (ule upanga wa chuma ambao cheni inauzunguka) na cheni. Kazi zake ni kupogoa, kukata kuni, kuondoa mti ulioangushwa na upepo. Wanaoangusha miti mikubwa kila siku wana mashine zao na mahitaji yao.

Naanza mimi. Yangu ni Stihl MS 170: injini ya cc 30.1 (ndio ujazo wa silinda), kilowati 1.2, kilo 4 hivi bila bapa na cheni, tangi la mafuta robo lita. Nilikuwa nimezoea kuazima chenso kubwa, na siku ya kwanza niliishika hii nikaona kama haitoshi. Kisha mvua kubwa ikaangusha mti ukaziba njia, shina nene kuliko bapa langu la sentimita 35. Nilikata upande mmoja, nikazunguka nikakata wa pili, na matawi yote nikayamaliza siku hiyohiyo bila kuomba msaada. Kwa ile kubwa ningekuwa nimekaa chini tangu saa sita. Kilo moja na nusu ya ziada asubuhi huisikii. Alasiri, umeinama na mikono inatetemeka, unaisikia, na hapo ndipo mtu anaanza kukata ovyo.

Kwa hiyo kwangu wepesi ni sehemu ya nguvu. Ninyi je?

Mkata Kuni

Mkuu, mimi nilinunua namba. Nilitaka nyepesi kama wewe, nikaona nyingine imeandikwa 58 ubavuni kwa maandishi makubwa, nikaona hapa ndipo penye thamani: cc karibu mara mbili.

Ilikata vizuri msimu mmoja, sitaisingizia. Halafu ikagoma, nikaifungua mwenyewe. Kwa kuwa napenda kujua mambo nilichukua kipimo nikapima silinda: kipenyo milimita 45, mwendo wa pistoni milimita 32. Hesabu yake ni rahisi. Nusu ya kipenyo kwa sentimita, izidishe yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa mwendo wa pistoni. Inatoka karibu cc 51. Hizo 58 sikuziona popote. Mwenye MS 170 akifanya hesabu hiyo kwa 37 na 28 anapata 30.1 kamili, kama kitabu chake kinavyosema.

Ila kilichoniuma zaidi ni spea. Springi ya klachi ilikatika, nikaletewa tatu zinazofanana kwa macho na hakuna iliyokaa. Gasketi nayo hivyohivyo. Mashine nzima imelala kwa ajili ya kispringi kidogo kuliko kidole!

Sasa natumia Husqvarna 120 Mark II, cc 38, kilowati 1.4, kilo 4.85. Ni nzito kuliko ya mwanzisha mada, na tofauti hiyo naisikia nikiinua juu ya kifua. Lakini inawaka. Nikiwa na kuni za kukata zimelala chini, uzito ule unabebwa na gogo lenyewe, hainisumbui. Jambo la kwanza ninalouliza siku hizi ni kama klachi, plagi, chujio na pampu ya oili ya cheni vinapatikana. Cc nauliza baadaye.

Mama Bustani

Kaka zangu mmesahau za betri. Mimi ni mama wa miaka 60 na kidogo, bega langu la kulia halikubali tena kuvuta kamba. Nina ya volti 36, bapa la sentimita 30. Nabonyeza, inakata. Naachia, kimya. Siku nzima namsikia anayenishikia tawi akiniambia "subiri", na hilo peke yake kwangu ni usalama mkubwa.

Nitasema na udhaifu wake. Betri yangu ni ya ampea-saa 4, yaani wati-saa 144. Injini ikivuta kilowati moja bila kupumzika, dakika 9 hazifiki imekwisha. Kwenye kupogoa hukati mfululizo, unakata, unatembea, unaburuta matawi, kwa hiyo inanifikisha mbali. Kwenye gogo nene inaisha huku unaitazama. Ndiyo maana nina betri mbili, na anayelinganisha thamani ahesabu betri ya pili na chaja tangu mwanzo, asishtuke baadaye. Anayefanya kazi mbali na umeme achukue ya petroli.

Kwa matawi membamba kuna vile vidogo kabisa vya mkononi, kama Stihl GTA 26 yenye bapa la sentimita 10. Ninacho. Kwa miti ya matunda sitaki kingine. Na tafadhali, ukitaka kugusa cheni, toa betri kwanza. Ya petroli ikizimwa unasikia imezimwa. Hii iko kimya hata ikiwa tayari kukata.

Fundi Kabureta

Nimesoma yote. Chenso ndogo zinazofika mezani kwangu zimekufa, nyingi hazikuuawa na kazi. Zimeuawa na mafuta.

Hizi ni injini za 2T, yaani za mipigo miwili, hazina oili yake chini kama gari. Oili ya kulainisha pistoni inakuja na petroli yenyewe. Kitabu kikisema 1:50, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Kikisema 1:40 ni 25, kikisema 1:25 ni 40. Nunua kikombe chenye alama, pima. Mtu anayemimina kwa kizibo, leo kidogo, kesho nyingi, nikifungua ekzosti naiona pistoni imechanika mistari upande ule wa moto. Ringi zinakwama, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unapotea, na mwenye mashine anasema chapa fulani ni mbovu.

La pili ni petroli iliyolala. Mafuta yaliyochanganywa yakikaa miezi ndani ya tangi, kiwambo cha kabureta, ule utando wake mwembamba, kinakakamaa na bomba la mafuta linakuwa gumu, linaanza kuvuta hewa. Hewa ikizidi injini inapiga kelele kali, inakwenda kasi isiyo ya kawaida, mtu anafurahi kwamba ina nguvu. Hapo inajiunguza. Ukisikia sauti hiyo zima.

Mkuu Gogo Kavu, kabla hujatafuta nyingine fanya hivi. Zima swichi, injini iwe ya baridi, shika mpini wa kamba ya kuwashia, acha chenso ining'inie kwa kamba yake karibu na ardhi. Ikishuka kwa kusitasita, hatua kwa hatua, mgandamizo upo. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, haupo. Kisha fungua ekzosti uitazame pistoni kwa tochi. MS 170 na MS 180 ni ndugu, ya pili ina silinda ya milimita 38 badala ya 37 na mwendo uleule wa 28, na spea zao nyingi zinaingiliana. Mashine ya namna hiyo haitupwi kwa sababu ya ringi.

Juu ya Tawi

Mimi napanda miti kwa kamba, ndiyo kazi yangu. Natumia Echo CS-2511, cc 25, kilo 2.3 hivi bila bapa. Kwa kazi ya juu sijashika nyingine nikaridhika.

Lakini nawasihi wenzangu mlio chini: msiichukue kwa sababu ya wepesi. Mpini wake uko juu, na wepesi ule unakuvuta ukate kwa mkono mmoja. Nilifanya hivyo mara moja, mkono wa pili nimeshika tawi. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikagusa kitawi ambacho sikukiona, mashine ikarudi kunielekea haraka kuliko nilivyoweza kufikiri. Breki ya cheni ilijifunga yenyewe. Glavu ilichanika, kidole kikabaki. Tangu siku hiyo mikono miwili daima, na breki naipima kila asubuhi kabla sijapanda. Chenso ambayo breki yake haifungi, hata ukipewa bure, usiiwashe.

Tupa ya Duara

Naongeza moja tu. Miezi mingi niliamini chenso yangu haina nguvu. Nilikuwa nanoa meno kwa bidii, tupa ya milimita 4.0 kwa cheni ya inchi 3/8 aina ndogo, pembe ya digrii 30, kila kitu sawa. Bado inatoa unga badala ya maranda, na mimi naikandamiza.

Kumbe sijawahi kugusa kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Jino linaponolewa linapungua kimo, kinundu kinabaki juu, na jino halifikii mti. Kwa cheni hiyo kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Nilikishusha kwa tupa isiyo ya duara, kimoja kimoja, nikaweka kwenye gogo lilelile. Ilijivuta yenyewe kuingia. Injini ile ile, siku ile ile.

Na msifunge bapa refu kwenye injini ndogo kwa tamaa. Nilitoka sentimita 30 kwenda 40 na nikajuta: cheni ndefu inakula nguvu kabla haijagusa mti, na oili haifiki vizuri kwenye ncha.

Mkata Kuni

Swali kwa fundi: kuchana mbao kwa hizi ndogo, inawezekana?

Fundi Kabureta

Ubao mmoja au miwili, ukipumzika katikati. Kukata kufuata urefu wa gogo ni mzigo mzito usiokatika, injini ya cc 30 inapata moto na haipati nafasi ya kupumua. Kwa kazi ya kila siku utaiua.

Gogo Kavu (mwanzisha mada)

Nimerudi wakuu, asanteni sana. Nimefanya kipimo cha kamba. Imeshuka moja kwa moja, haikusita popote. Nimefungua ekzosti nikamulika: pistoni ina mistari mirefu upande huohuo aliousema fundi. Miaka yote sita nimekuwa nikipima oili kwa kizibo cha chupa, na chupa zenyewe hazikuwa za aina moja.

Basi sinunui nyingine kwa sasa. Kesho naishusha silinda, naweka pistoni na ringi mpya, na bomba la mafuta nalibadilisha kabisa kwa kuwa nimelibinya na limekauka. Kikombe cha kupimia ninacho tayari mezani. Vinundu vya cheni navyo nimevitazama baada ya kumsoma Tupa ya Duara, viko juu karibu sawa na meno. Nitaanza na hivyo usiku huu. Ikiwaka nitawaletea majibu hapa, na isipowaka pia.