Ushauri: tuhamishe tahadhari za mafuriko kutoka WhatsApp hadi programu yetu wenyewe?

JaNyando81
Wakubwa, naomba ushauri wa haraka. Niko katika kikundi cha kijamii huku Nyando, kaunti ya Kisumu. Kazi yetu ni kuwaambia watu mapema mto unapojaa, maana mvua ikinyesha Nandi na Kericho, maji hutufikia sisi wa tambarare ya Kano hata kama kwetu halijadondoka tone. Tunatumia kundi la WhatsApp lenye watu 1,300. Sasa tunataka programu yetu wenyewe, mtu afungue aone hali ya maji. Kijana mmoja mjini anataka shilingi 60,000 kuitengeneza. Je, bei hiyo ni ya haki? Nahitaji jibu leo.

FundiMnara
Usimlipe bado. Programu inataka simu janja, bando na nafasi kwenye simu, na mto hauulizi kama bando limeisha. Mwenye mulika mwizi, simu ndogo ya vibonyezo, utampata kwa SMS.

Nenda kwa kampuni inayouza SMS za jumla ukiwa na cheti cha usajili wa kikundi na barua yenye mhuri, uombe jina la mtumaji, yaani jina linaloonekana badala ya nambari. Omba liwe la jumbe za huduma. Likisajiliwa kama la matangazo, kila aliyefunga matangazo kwenye laini yake hatapata onyo. Jua pia kwamba mtu hawezi kujibu jina la mtumaji. Ukitaka majibu, utalipia nambari fupi.

Halafu herufi. SMS moja ni herufi 160. Ukiweka alama moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida, hushuka hadi 70. Nyinyi mnaandika Kijaluo, kwa hiyo angalieni neno kama "opong'" (imejaa). Kile kikoma cha juu kikiwa kimenyooka hakuna shida. Ukiandika kwenye kompyuta, mara nyingi hujipinda chenyewe na kuwa ’, na hapo ujumbe wa herufi 140 unahesabiwa kuwa SMS tatu, kwa sababu ujumbe mrefu hukatwa vipande vya herufi 67. Kwa watu 1,300 mtalipia SMS 3,900.

MamaKanyagwal
Mbona hakuna anayetaja redio? Kule Budalangi, kwenye mto Nzoia, kuna Bulala FM iliyoanzishwa kwa ajili ya habari za hali ya hewa kwa watu wa mafuriko. Redio ya betri husikika na nyumba nzima, hata kwa nyanya asiyejua kusoma. Na kila kijiji kiwe na kipaza sauti na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye kukitumia. Pesa ya programu inunue hivyo.

Kalamu_na_Daftari
JaNyando, bei umejibiwa. Mimi nauliza: kwa nini leo? WhatsApp imewasaidia muda wote huu. Kuna nini?

JaNyando81
Tunataka tu kuwa wa kisasa.

Kalamu_na_Daftari
Omera, mtu hawi wa kisasa kwa haraka hivyo. Sema.

JaNyando81
Sawa. Tuna orodha ya nyumba 412 kwenye jedwali la Google. Tuliweka kiungo chake kwenye WhatsApp ili wazee wa vijiji wajaze wenyewe. Tangu Jumatatu kuna mtu anawapigia watu wetu, anawataja majina yote matatu na kijiji, anadai 300 ya "usajili wa msaada wa mafuriko". Watu kumi na mmoja wametuma. Ndiyo maana nataka tuhame. Programu ina nenosiri. Na jedwali nalifuta leo usiku, yaishe.

Msinilaumu kwa kiungo. Wazee wako vijiji ishirini na pikipiki ni pesa.

FundiMnara
USIFUTE. Fanya hivi sasa hivi: fungua jedwali, nenda kwenye kushiriki, badilisha "yeyote mwenye kiungo" iwe walioalikwa tu. Kisha tazama historia ya matoleo, upige picha za skrini. Lakini elewa, historia inaonyesha aliyeandika. Haionyeshi aliyesoma, wala aliyechukua nakala. Nakala iliyokwisha toka hairudi, hata mkijenga programu ya milioni.

Mtetezi_wa_Wanyonge
Huu ni usaliti. Watu walikupa majina yao wakijua unawaokoa na maji, ukayaacha mlango wazi. Waombe radhi kwanza, kabla ya mambo ya teknolojia.

Kalamu_na_Daftari
Jedwali lina safu zipi? Taja zote.

JaNyando81
Jina, nambari ya kitambulisho, simu, kijiji, idadi ya watoto. Anayehitaji kubebwa. Na dawa za kila siku, ili mtu asiziache akikimbilia kambini.

Kalamu_na_Daftari
Dawa zimetajwa kwa jina?

JaNyando81
Baadhi. Ndiyo, hata ARV. Nia ilikuwa njema. Mafuriko ya 2024 yalitufundisha kwamba dawa husahaulika nyumbani.

JichoKali
Mimi siamini uzi huu. Kundi la WhatsApp mwisho wake ni watu 1,024. Hizo 1,300 umezitoa wapi? Nanusa mtu anatafuta huruma ili kesho alete nambari ya M-Pesa, au ndiye huyo kijana anatafuta wateja.

MamaKanyagwal
Hata mimi hiyo 1,300 ilinipita. Hebu jibu.

JaNyando81
Ni makundi mawili, la Ahero na la Awasi, nikajumlisha. Siombi shilingi ya mtu. Na kwa kuwa tunasema yote, kijana nimeshampa 25,000. Ndiyo maana nilikuwa natetea programu.

JichoKali
Makundi mawili, sawa, hesabu inakubali. Macho yangu bado yako hapa.

Kalamu_na_Daftari
Tuache makundi. Kuna watu ambao hali yao ya afya iko mikononi mwa tapeli, na hilo ni zito kuliko zile 300.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara, mnamwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mjue, na wenye data nao wanaambiwa. Kikundi kidogo kinaweza kusamehewa kujisajili, lakini wajibu huu haukiachi. Mmejua Jumatatu, kwa hiyo saa zinakwenda. Ripotini polisi mpate nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Waliotuma pesa kwa M-Pesa ya Safaricom wapeleke ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba irudishwe, na SMS za utapeli waziwasilishe kwa 333.

Wenye dawa zilizotajwa waambiwe ana kwa ana, mmoja mmoja, na mtu wanayemwamini. Msiwatumie SMS. Simu ya nyumbani husomwa na wengi.

Orodha mpya ibaki na jina, simu na kijiji. Kitambulisho hakimtoi mtu majini. Safu ya dawa iondoke: onyo kwa wote liseme tu "beba dawa zako". Wa kubebwa waandikwe kwenye daftari la mzee wa kijiji na nakala moja kwa katibu. Wazee wajaze kwa KoboToolbox, mfumo wa kujaza fomu kwenye simu. Fomu hujazwa bila intaneti, hutumwa mtandao ukipatikana, na ukiipanga vizuri mzee haoni walioandikwa na mwenzake. Pikipiki haihitajiki.

JaNyando81
Nimefunga kiungo saa hii. Picha za historia nimepiga. Kijana nitamwomba ile 25,000 aifanyie kazi ya kutupangia Kobo na SMS. Nataka kutuma hii kwa wote leo jioni, niangalieni:

"Onyo: hatuombi pesa ya usajili. Ukipigiwa simu kuhusu msaada wa mafuriko, usitume pesa wala usitaje PIN. Muulize mzee wa kijiji."

FundiMnara
Herufi 128, SMS moja. Vizuri kwamba hujaweka nambari ya simu wala kiungo, maana tapeli angeiga ujumbe na kuweka vyake. Toleo la Kijaluo nionyeshe kabla hujatuma, nihesabu vikoma.

MamaKanyagwal
Na wazee wa vijiji wapigiwe kabla ya SMS kutoka, omera, si baada. Watu wakienda kuwauliza wawe na jibu.