Mjadala: Majina na miaka juu ya faili za programu huria, tunaandikaje?

Wadau wa Mbeya na nyanda za juu kwa ujumla, naomba tulijadili hili bila kutukanana maana juzi pale Mwanjelwa tuliachana vibaya. Tuna programu ya kupimia kahawa za AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, huko Mbozi, tumeiachia bure kwa leseni ya MIT, ile inayoruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuigawa, sasa mwenzetu mmoja kaamua kusafisha mafaili, kafuta majina yote ya waandishi yaliyokuwa juu ya kila faili kaweka mstari mmoja, "Copyright Waandishi wa Mradi", basi. Nafungua faili la mizani nakuta jina la dogo wa Tukuyu halipo, na yule dogo ndo alishinda ghalani kutwa nzima msimu wa mavuno, anabandika gunia anasubiri namba itulie, anabandua anaanza tena, mpaka programu ikaacha kusoma uzito unaochezacheza. Lile faili lote kaandika yeye.

Hoja ya mwenzetu naielewa. Alama ya © ya hakimiliki sheria hailazimishi, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulishaondoa masharti ya hivyo 1908 kule Berlin, Tanzania tumo tangu 1994, Marekani nao wakaacha kuilazimisha 1989. Na miaka ni kero kweli, kila Januari mtu anapita faili kwa faili anabadili 2023 iwe 2024 na hajagusa kitu kingine, curl, ile programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, walishaitoa ya kwao 2023 na programu inadunda kama kawa. Miaka mi naiachia.

Majina hapana. MIT yenyewe inataka ilani ya hakimiliki ibaki kwenye kila nakala, sasa ukimfutia mtu jina bila kumuuliza halafu ukaigawa, leseni umeivunja wewe.

Mdau wa Kihesa, Iringa: Kamwene. Mkuu mi napinga kidogo. Git, ile programu ya kutunza historia ya mafaili, inatunza nani kaandika mstari gani na lini, jina la juu la nini tena? Sisi faili moja lilikuwa na majina kumi na moja, unashuka unashuka hujafika hata kwenye kazi yenyewe. Mstari mmoja unatosha, majina yakae kwenye faili lao.

Mleta mada: Nakupata kaka, ila wale wa AMCOS hatukuwapa Git, tuliwapa flashi. Karani akifungua anaona kilichomo humo tu, historia yote imebaki kwetu. Faili la waandishi nalikubali, tena liingie kwenye hiyohiyo flashi, ila mwenye jina aulizwe kwanza, akiridhia lihamie huko tunalihamisha, akikataa mstari wake unarudi palepale ulipokuwa na wetu unakaa chini yake. Namba yake ninayo, nampigia jioni hii kabla toleo jipya halijaenda Mbozi.