Katibu wa jumuiya kafuta maiki kwa tishu baada yangu!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, naandika nikiwa kwenye gari, hata kuliwasha sijaliwasha. Simtaji jina. Wa huku Marekani wote mnamjua: koti la bluu, kicheko cha fisi, kila kikao lazima "aweke kumbukumbu sawa".

Mama mmoja kauliza swali la maana kabisa: Washington wakimwamuru sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti yetu, awafanyie kazi yao, anaweza kukataa? Bwana mkubwa kanyanyuka: "Gavana ni mkuu wa mkoa tu. Rais akipiga simu, anaruka."

Mkuu wa mkoa! Mkuu wa mkoa kule Tanzania anateuliwa na Rais na anatenguliwa kabla chai haijapoa. Gavana kachaguliwa na watu wa jimbo lake, Rais hana kalamu ya kumtengua. Nikaomba maiki, nikaeleza taratibu: Marekebisho ya Kumi ya Katiba, 1791, mamlaka ambayo serikali kuu haikukabidhiwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Na 1997 masherifu wawili, wa Montana na wa Arizona, waligoma kutumwa na Washington kuchunguza wanunuzi wa bastola, wakashinda Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4. Dakika mbili tu.

Akaninyang'anya maiki. Akatoa tishu mfukoni. AKAIFUTA. Polepole, kama daktari anayetaka kupasua mtu. Halafu: "Madereva wa lori tuwaachie barabara, Katiba tuwaachie waliosoma." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanangu wa miaka tisa kaniuliza, "Baba, una mafua?"

Katiba hiyo nimeisoma usiku, nimelala kwenye lori, miezi minane, najiandaa na mtihani wa uraia. Leo napigiwa tishu. Tishu!

BintiTanga: Pole kaka. Ila sema ukweli, ulikula kitunguu? 😂

WakiliUchwara: Uko sahihi, umeacha nusu. Washington haiamuru, inashika pochi. 1984 walisema jimbo linaloruhusu wa chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa hela za barabara. South Dakota ikaenda mahakamani, 1987 ikashindwa.

Mleta uzi: Hilo nakubali mkuu. Sasa tishu ilikuwa ya nini?

MzeeWaLori: Huyohuyo ndiye aliyenipakulia pilau la mfupa mtupu siku ya Idi. Nyama kaweka kwenye sahani za rafiki zake.

Dada_Mkubwa: Pilau? Michango ya msiba tulitoa mwezi wa tatu, mpaka leo mahesabu hayajasomwa!

BintiTanga: Na maegesho je? Walisema bure, gari langu likavutwa.

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye maiki.

Dada_Mkubwa: BintiTanga, walikutoza dola ngapi mdogo wangu? Mimi walinikamua mpaka hela ya petroli.