UZI: Ulinunua gari jimbo lingine, kodi ukailipaje? Tupeane uzoefu

Mdau wa Tacoma, Washington (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu. Nauanzisha huu uzi kwa ajili yetu tulioko huku Marekani, maana kila nikiingia kwenye magrupu ya WhatsApp nakuta mtu anamshauri mgeni "nenda Oregon ukanunue gari, kule hakuna kodi", basi mgeni wa watu anapanda basi mpaka Portland, analipia gari, anarudi Washington kwa furaha zote, halafu siku ya kusajili anaambiwa toa dola elfu mbili na ushee. Na hapo alichobakiza mfukoni ni hela ya bima tu. Inaniuma kweli, kwa sababu angepata mtu mmoja wa kumwambia mapema angejipanga.

Naanza na ya kwangu. Nilinunua Toyota Highlander ya mkononi kwenye yadi moja Portland kwa dola 20,000. Ni kweli Oregon hawatozi kodi ya mauzo, majimbo yasiyotoza nchi nzima yako matano, Oregon, Montana, New Hampshire, Delaware na Alaska. Yadi haikunikata hata senti ya Washington. Ila Washington wana kitu wanaita kodi ya matumizi: ukiingiza gari ambayo haijalipiwa kodi kule ulikoitoa, unailipa siku unasajili, tena kwa kiwango cha mahali unapolala, na huku kwetu ukijumlisha ya jimbo na ya mji inapita asilimia 10. Mimi nilishapiga hesabu kabla ya kutoka nyumbani nikaitenga. Portland nilifuata gari yenyewe, ilikuwa imetunzwa na bei yake ilikuwa chini kuliko za huku, kodi sikuihesabu kama faida.

Na hii tabia ya kusajili gari kwa anwani ya rafiki aliyeko Oregon wakati wewe unaishi Washington, jamani tuiache. Sheria ya Washington inaihesabu kosa la jinai, sio kitu cha kulinganisha na faini ya paking. Ila kuna nafuu halali ambayo wengi hawaijui: ukihamia Washington na gari yako ambayo ulikuwa unaitumia kule ulikotoka zaidi ya siku 90 kabla ya kuja, hiyo kodi hawakutozi. Kwa hiyo ukihama beba kadi ya gari ya kule ulikotoka, beba bima ya zamani, usitupe karatasi.

Karibuni, leteni ya majimbo yenu.

Mdau wa Houston, Texas

Mkuu asante kwa uzi. Texas kodi ya gari ni asilimia 6.25 popote utakaponunua, na kama ulishalipa kodi jimbo lingine wanakukatia ile uliyolipa, unaongezea tofauti tu. Sasa shida iko kwenye kuthibitisha kwamba ulilipa. Mimi yadi niliyonunulia (ya jimbo jirani, sitaitaja) kwenye ankara waliandika mstari mmoja tu, "kodi na ada", wakaweka jumla. Dada wa ofisi ya kaunti, wanakosajili magari, aliiangalia akaweka kidole pale pale kwenye ule mstari akaniuliza, kodi hapa ni ngapi na ada ni ngapi? Sikuwa na jibu, na yeye hawezi kukata kitu ambacho hakionekani. Ikabidi niwapigie yadi waniandikie ankara nyingine yenye kodi peke yake na jina la jimbo waliloipeleka, na walinizungusha vibaya sana mpaka nikaongea na meneja wao. Kwa hiyo ndugu zangu, kabla hujasaini, kodi iandikwe mstari wake.

Halafu kuna hili la kununua kwa mtu binafsi. Nyie mnaojua TRA wanavyokadiria gari kutoka Japan kwa thamani iliyoko kwenye mfumo wao, hata uwaonyeshe risiti gani, basi Texas nao wana ya kwao. Kila gari ina thamani ya kawaida kwenye kompyuta ya jimbo, na kodi yako inapigwa kwenye bei uliyolipa au asilimia 80 ya hiyo thamani, ile iliyo kubwa. Mfano umempata mtu ana shida, kakuuzia kwa dola 6,000 gari ambayo wao wanaiona 10,000. Asilimia 80 ni 8,000, kodi dola 500 badala ya 375. Kama gari ni mbovu kweli, imegongwa au injini imechoka, unaruhusiwa kutafuta mthamini mwenye leseni akuandikie thamani halisi, ila siku zake ni chache, 20 za kazi, ukichelewa basi.

Mdau wa Marietta, Georgia

Hiyo ya TRA ni sawa tu na KRA na ile bei yao ya gari mpya wanayoanzia hesabu, huwezi kubishana nao.

Mimi nilikuwa Lowell, Massachusetts, nikahamia huku Georgia na gari yangu. Nikiwa Lowell nilikuwa nimelipa kodi ya mauzo, asilimia 6.25, risiti ninayo, logbook safi. Nikaingia tag office (ofisi ya namba za gari) ya kaunti nikijua ni kulipia namba tu niende zangu. Kumbe Georgia wana kodi yao inaitwa TAVT, unalipa ukiandikisha gari kwa jina lako kwa mara ya kwanza huku, na mgeni anayehamia analipa asilimia 3 ya thamani wanayoiona wao. Yangu waliiona ni ya dola 14,000, nikalipa 420. Nilikasirika, siwezi kudanganya, hiyo pesa ilikuwa ya kutuma nyumbani. Lakini nikuambie kitu kimoja, Massachusetts kila mwaka nilikuwa naletewa bili ya mji, dola 25 kwa kila elfu moja ya thamani ya gari, kila mwaka! Huku tangu Machi 2013 ukishalipa TAVT ile kodi ya kila mwaka haipo tena, unalipa dola 20 za stika siku yako ya kuzaliwa ikifika. Kwa mtu anayekaa na gari muda mrefu kama mimi Georgia ni afadhali mbali sana.

Mdau wa Greensboro, North Carolina

Huku kodi ya gari ni asilimia 3. Ila kama gari ilishakuwa kwa jina lako jimbo lingine angalau siku 90, hawavuki dola 250 hata ukija na gari ya gharama gani. Wengi hawaulizi.

Mdau wa Lewiston, Maine

Jambo ndugu na dada zangu. Mie natoka Uvira, siku hizi tuko Lewiston na familia. Huku watu wetu wote wanakimbilia ku New Hampshire kwa sababu ni karibu na hawatozi kodi. Ni vizuri, magari ni mengi, lakini mtu ajue kuna sehemu mbili za kulipa akirudi. Kwanza unaenda ofisi ya mji unalipa kodi ya mji, halafu ndo kodi ya mauzo ya Maine, asilimia 5.5 ya ulichonunulia.

Ile ya mji ndo inachanganya wazee wetu. Haiangalii franga ulizotoa. Inaangalia bei ya gari ilipokuwa mpya kiwandani, halafu inashuka kila mwaka: mwaka wa kwanza dola 24 kwa kila elfu moja, wa pili 17.50, inaenda inateremka mpaka mwaka wa sita inakuwa 4 na inabaki hapo. Mzee mmoja wa kanisani kwetu nilimsindikiza, kanunua gari ya miaka saba kwa dola 9,000. Ilipokuwa mpya ilikuwa 25,000. Ya mji akalipa 100, ya mauzo 495, na hapo bado namba. Alikuwa ameshika bahasha na ankara ya yadi ndani, akaniuliza mara mbili kama mji ulikuwa umekosea, nikamwonyesha ubao wa viwango ukutani akasoma mwenyewe akaridhika. Kama angechukua gari mpya zaidi kwa bei ile ile angelipa mji pesa nyingi zaidi. Ninyi mnaosindikiza wageni, wafanyieni hiyo hesabu wakiwa bado nyumbani.

Mdau wa Dallas, Texas

Mimi naleta la zawadi maana limetugusa kwenye ukoo. Baba mdogo yuko Oklahoma, alimpa mdogo wangu wa kiume gari yake ya zamani ili apate ya kuendea kazini. Tukajua Texas zawadi ya ndugu unalipa dola 10 tu na fomu ya kiapo mnayosaini wote wawili. Kweli ipo. Lakini orodha yao ya ndugu ni mume na mke, wazazi na watoto wakiwemo wa kambo, babu na bibi na wajukuu, ndugu wa tumbo moja, wakwe, na mlezi wa kisheria. Mtoto wa kaka hayumo. Sisi yule ni baba yetu kabisa, ndo aliyetusomesha baba alipofariki, ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba baba mdogo sio mzazi atakushangaa. Kwenye dirisha la kaunti hilo halipo, ikapigwa kodi ya kawaida kwa ile asilimia 80 ya thamani aliyoisema mkuu wa Houston. Baba angekuwa hai angepewa yeye kwanza, maana wao ni ndugu, lakini ndo hivyo, ni marehemu. Tulilipa. Nawaomba wenye ukoo mpana kama wetu, msisaini kiapo cha uongo kwamba ni mtoto wa kumzaa, ile ni hati ya serikali na wengine humu bado mna kesi zenu za uhamiaji.

Mdau wa Oakland, California

Pole sana dada wa Dallas.

California ukinunua gari nje ukaileta ndani ya miezi 12 wanachukulia uliinunua kwa ajili ya kuitumia huku, kwa hiyo kodi ya matumizi unalipa, uliyolipa kule inakatwa. Kiwango cha chini jimbo zima ni asilimia 7.25 na miji mingi wako juu ya hapo. Na gari yako ya zamani ukiipa yadi kama sehemu ya malipo, huku hawaipunguzi kwenye hesabu ya kodi, unatozwa kwa bei nzima.

Ila kuna kitu kibaya kuliko kodi. Gari yenye chini ya maili 7,500 California wanaihesabu mpya, na kama haikutengenezwa kwa viwango vya moshi vya California hawaisajili kwa mkazi, hata uwe na hela ya kodi mkononi. Sisi tulikuwa Reno, jimbo la Nevada, tunaangalia kagari kenye maili elfu tatu hivi, mume wangu akafungua boneti tukatafuta ile stika ya moshi, iko upande wa mbele kwa ndani, maandishi madogo kweli. Inatakiwa itaje California. Ile ilitaja serikali kuu peke yake. Muuzaji alikuwa anasema hakuna shida, tukamuaga.

Mdau wa Brooklyn Park, Minnesota

Huku kodi ya gari ni asilimia 6.875 tangu 2023. Kwa wanaonunua kigari cha kuanzia maisha: gari ikiwa na miaka 10 au zaidi na thamani iko chini ya dola 3,000, kodi ni dola 10 tu.

Swali kwa wenye uzoefu, gari ya mkopo inakuwaje? Nataka kuchukua Wisconsin.

Mdau wa Houston, Texas

Kaka uliza yadi kama watakusanya kodi ya Minnesota wenyewe. Wakikusanya, inaweza kuingia ndani ya mkopo. Wasipokusanya, benki italipa bei ya gari na kodi utaitoa cash siku ya kusajili, isipokuwa umeomba mapema wakuongezee, na vyama vya mikopo vingi vinakubali ukiomba kabla hawajaandika hundi. Na majimbo mengi kadi ya gari inakuwa kwa mkopeshaji, hushiki wewe, kwa hiyo wakati unakimbiza usajili huenda kuna karatasi lazima zitoke kwao. Wapigie siku hiyo hiyo unayochukua gari, namba za muda zina tarehe.