Raspberry Pi inajibu ping ila SSH inagoma, na nikiwa kazini ni kimya kabisa. Naombeni msaada

Kitunguu Maji (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) ya GB 2, iko sebuleni Mbezi, imeungwa kwa waya kwenye ruta ya laini ya 4G. Kazi yake ni kutunza picha za familia na kuwawekea watoto Wikipedia ya Kiwix wasome bila kula bando. Haina skrini wala kibodi, kila kitu nafanya kwa SSH, yaani naiandikia amri kwa mbali, kutoka kwenye laptopu.

Juzi nimeweka mfumo upya kwenye kadi yake ya SD, Raspberry Pi OS toleo la Bookworm la biti 64, kwa programu ya Raspberry Pi Imager. Jina la mtumiaji, nenosiri na SSH vyote nimeviweka humohumo. Ikawaka, nikaingia vizuri. Sijamaliza hata kuandika amri ya kwanza, umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi ndiyo ikawa hivi:

`ssh: connect to host 192.168.1.50 port 22: Connection refused`

Ping, ile ya kuuliza kama mashine iko hewani, inajibu bila tatizo. Nikiwa kazini Posta nako, ambako nilitaka niwe naingia kupitia IP (anwani ya mtandaoni) ya ruta (poti 22, mlango wa SSH, nilishaielekeza kwenye Pi), nasubiri weee mpaka inaleta `Connection timed out`. Hiyo ya kazini haijawahi kukubali hata siku moja.

Shida ni moja au mbili? Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijachukua hatua za kijinga.

Sogeza Kiti

Nimeweka kiti hapa nawasubiri wataalamu. Ila mimi ningefuta kadi nikaanza upya, dakika ishirini kazi imeisha.

Dagaa Mchele

Mkuu, umejaribu kuingia kwa jina gani? Ile akaunti ya `pi` yenye nenosiri `raspberry` ilishaondolewa tangu Aprili 2022. Mafunzo mengi mtandaoni bado yanaitaja na watu wanahangaika nayo bure.

Bibi Terminali

Dagaa, hoja yako ni ya kweli ila siyo ya ugonjwa huu. Jina au nenosiri likikosewa unaambiwa `Permission denied`, na hiyo inakuja baada ya mashine mbili kushaanza kuongea. Huyu hajafika huko.

Kitunguu, shida zako ni mbili na hazijuani. `Connection refused` ni kubisha hodi ukajibiwa "hayupo", `timed out` ni kubisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Kwa hiyo ya nyumbani: ombi lako limefika kwenye mashine, mashine ikarudisha jibu kwamba poti 22 haina programu inayosikiliza. Mara nyingi ina maana sshd, ile programu ya SSH upande wa Pi, haijawaka. Wewe usiguse kadi kwanza.

Kabla ya yote hakikisha anayekujibu ni Pi kweli. Umeme ukirudi ruta inagawa anwani upya, na huenda 192.168.1.50 sasa hivi ameipata televisheni au simu ya mtu. Piga ping, halafu andika `arp -a` kwenye laptopu, utuambie anwani ya MAC (namba ya kiwandani ya kifaa chenyewe) ya hiyo IP inaanza na nini. Pi 4 nyingi zinaanza na `dc:a6:32` au `e4:5f:01`. Za zamani kama Pi 3 ni `b8:27:eb`.

Kitunguu Maji

Shikamoo Bibi. Inaanza na `dc:a6:32`. Ni yenyewe.

Dagaa Mchele

Basi zima, chomoa kadi, ichomeke kwenye laptopu, kwenye ile sehemu ndogo inayoitwa bootfs tengeneza faili tupu liitwe `ssh`, bila `.txt` mwishoni. Windows ina tabia ya kuficha hiyo `.txt`, kuwa makini. Pi ikiwaka inaona hilo faili na kuwasha SSH.

Kitunguu Maji

Nimefanya. Bado refused.

Bibi Terminali

Marahaba. Sasa hapo hakuna ujanja, inabidi uione skrini. Pi 4 inatumia HDMI ndogo, ile micro, kwa hiyo waya wa king'amuzi hautaingia. Tafuta waya wa micro-HDMI kwenda HDMI, unganisha na TV, weka kibodi yoyote ya USB, ingia kwa jina lako, kisha andika:

`sudo systemctl status ssh`
`sudo journalctl -u ssh -b`
`ls -l /etc/ssh`

Tuletee ulichokiona, piga hata picha ya TV.

Waya Mwekundu

Nikiwa naelekea nje ya mada kidogo: chaja gani unatumia? Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu inaiwasha, ndiyo, lakini ukiipa kazi inaanza kuyumba. Ukiwa hapo kwenye TV andika `vcgencmd get_throttled`. Ikileta `0x0` uko salama. Ikileta `0x50005` umeme ni mdogo hivi sasa unapoangalia, na `0x50000` ina maana ulishapungua wakati fulani tangu iwake.

Kitunguu Maji

Wakuu, waya nimepata Kariakoo leo mchana. Majibu haya hapa.

get_throttled ni `0x0`, chaja ni ile rasmi niliyonunua pamoja na Pi.

Kwenye journalctl, ile kumbukumbu ya matukio, kuna mstari huu:

`sshd: no hostkeys available -- exiting.`

Na kwenye `/etc/ssh` mafaili yote yanayoanza na `ssh_host_` yapo, ila ukubwa wake ni 0. Yote. Hii ni kawaida?

Bibi Terminali

Siyo kawaida, na ndiyo ugonjwa wenyewe. Nilikuwa naunusia tangu uliposema umeme ulikatika ukiwa ndiyo kwanza umeingia.

Pi ikiwaka mara ya kwanza inajitengenezea funguo zake za utambulisho. Linux haiandiki kila kitu kwenye kadi papo hapo. Data inakaa kwanza kwenye RAM, sekunde kadhaa mpaka nusu dakika hivi, ndiyo ishushwe. Wewe uliingia kwa funguo zilizokuwa bado kwenye RAM. Umeme ulipokwenda, kwenye kadi yalibaki majina ya mafaili, ndani hamna kitu. Na sshd bila ufunguo haikubali kuwaka, ndiyo maana hata lile faili la Dagaa halikusaidia: lilisema "washa", ikajaribu, ikafa.

Dawa, ukiwa hapohapo kwenye TV:

`sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*`
`sudo ssh-keygen -A`
`sync`
`sudo systemctl restart ssh`

Angalia tena kwa `ls -l`, safari hii lazima uone namba kwenye ukubwa.

Sogeza Kiti

Kwa hiyo hata ushauri wangu wa kufuta kadi ungefanya kazi 😂

Bibi Terminali

Ungefanya kazi, mjukuu, na asingejua kwa nini. Umeme ungekatika tena dakika ileile tungekuwa naye hapa wiki ijayo.

Kitunguu Maji

Sasa imenitisha. SSH inawaka, lakini laptopu imeniletea herufi kubwa: `WARNING: REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!` Inasema huenda kuna mtu anadukua.

Kondakta Mstaafu

Tulia mkuu. Laptopu ilihifadhi ufunguo wa zamani siku ile ulipoingia, leo imekutana na ufunguo mpya. Andika `ssh-keygen -R 192.168.1.50` kwenye laptopu, kisha ingia tena na ujibu `yes`. Kwako tunajua chanzo. Ila onyo hilo likija siku ambayo hujagusa kitu, hasa kwenye Wi-Fi ya hoteli au mgahawa, usilifute haraka haraka. Limewekwa kwa ajili ya siku hiyo.

Turudi kwenye ile ya kazini. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta IP ya upande wa nje, ile ya WAN. Inaanza na ngapi?

Kitunguu Maji

Nimeingia! Asanteni sana. WAN inaanza na 100.72. Ila nikiuliza tovuti za "IP yangu ni ipi" naletewa namba nyingine kabisa.

Kondakta Mstaafu

Nilijua. Anwani kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mtandao kuwaweka wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Ile namba unayoiona kwenye tovuti mnaitumia wewe na watu usiowajua. Poti uliyoielekeza kwenye ruta yako ni sahihi, lakini ombi kutoka Posta linafia kwenye mitambo ya kampuni, halifiki hata kwenye ruta. Ungebadilisha mipangilio mpaka kesho.

Njia unazo. Ya kwanza, omba IP ya umma kwa mtoa huduma wako, kampuni nyingi zinawapa wateja wa biashara kwa malipo ya ziada. Ya pili, ukodi seva ndogo nje uiwekee WireGuard (programu ya VPN, njia ya siri kati ya mashine), Pi iwe inaipigia yenyewe. Ya tatu, na kwa mtu wa nyumbani ndiyo ningeichukua mimi: weka Tailscale, huduma inayokutengenezea njia kama hiyo, kwenye Pi na kwenye laptopu, mpango wa mtu binafsi ni bure. Pi inatoka nje yenyewe, kwa hiyo huhitaji kufungua poti yoyote. Usichanganyikiwe tu ukiona nayo inakupa anwani ya 100 na kitu, wanatumia fungu lilelile.

Waya Mwekundu

Na ile poti 22 uliyoifungua, ifunge leo. Ukipata IP ya umma siku moja ukaisahau wazi kwa nenosiri, roboti zitaanza kubahatisha majina usiku kucha. Wenye Raspberry Pi walizima SSH kwenye mfumo wao tangu Novemba 2016 kwa sababu hiyohiyo, mwaka ule programu hasidi ya Mirai ilipoteka kamera na ruta za watu zilizoachwa na nenosiri la kiwandani.

Kitunguu Maji

Mrejesho: Tailscale imekubali, naandika hapa nikiwa Posta na nimeingia kwenye Pi. Poti nimefunga. Nataka sasa nitumie ufunguo badala ya nenosiri, niweke tu `PasswordAuthentication no` (kukataa nenosiri) kwenye mipangilio ya sshd?

Bibi Terminali

Subiri kwanza. Peleka ufunguo wako wa laptopu (siyo ule wa Pi) kwenye Pi kwa `ssh-copy-id`, na kama laptopu ni Windows unakili kwa mkono kwenye `~/.ssh/authorized_keys`. Ruhusa za folda ya `.ssh` ziwe 700, za faili 600, la sivyo sshd inaweza kuukataa. Kisha fungua dirisha la pili uingie kwa ufunguo, la kwanza ukiliacha wazi. Likikubali ndipo uandike hiyo `no`, uiwashe ssh upya, ujaribu kwa dirisha la tatu. Na usifanye hayo ukiwa Posta, fanya jioni ukiwa karibu na ile TV.

Kitunguu Maji

Sawa Bibi, jioni.