Naomba ushauri: kusoma mawe ya makaburi ya zamani Ireland

Habari zenu wakuu. Nimeolewa huku Ireland, kaunti ya Mayo, na mama mkwe anataka tumtafutie kaburi la babu wa babu yake. Makaburi yako shamba kabisa, yamezunguka gofu la kanisa lisilo na paa, nyasi hadi magotini.

Mawe yenye maandishi yameliwa na mvua na kuvumwani (ule ukoga unaoota juu ya mawe). Moja tu linasomeka kidogo: juu wamechonga IHS (herufi za kifupi cha jina la Yesu), chini jina la aliyelisimamisha, halafu ndipo marehemu. (Mwenye hela anatangulia hata kaburini!) Mengine ni mawe ya shambani tu, hayana hata herufi. Maskini wengi walizikwa hivyo, hasa kwenye njaa kuu ya 1845 hadi 1852.

Nyaraka nazo shida. Serikali ilianza kusajili vifo vyote mwaka 1864, na kumbukumbu nyingi ziliteketea Dublin 1922. Sensa za 1901 na 1911 zipo mtandaoni bure, ila mzee wetu alishakufa zamani.

Sasa shemeji anataka kusugua mawe kwa brashi ya waya na jiki. Nimemkatalia, maana ni mawe ya chokaa, uso wake utabanduka na herufi zake. Nasikia ukimulika tochi kwa ubavu usiku, herufi zinajitokeza zenyewe. Kuna aliyejaribu? Tochi ya simu inatosha? Na kwa wanaoishi huku, nianze kwa padri wa parokia au halmashauri ya kaunti?