Naomba ushauri: nataka kulima mboga kwenye ndoo na viroba, naanzaje?

Wakuu habari za mchana, mimi nipo Tabata nimepanga, uwanja hamna kabisa ni sakafu tupu na kakibaraza ambako jua linapiga kuanzia asubuhi mpaka kama saa nane hivi. Nimechoka kununua mchicha fungu kila siku ukifika ndani umeshanyauka, nikasema ngoja nilime mwenyewe. Nina ndoo nne za rangi za lita 20, madumu mawili nimeyakata ubavu, na viroba vya mchele.

Nilishajaribu mwezi uliopita nikajaza udongo mwekundu wa kifusi mtupu, weee ukashikana kama tofali, maji yanasimama juu na mchicha ukaota umepauka halafu ukafa wote. Kumbe na matundu chini sikutoboa (msinicheke).

Sasa jirani kaniambia nichanganye udongo, samadi iliyooza na mchanga kidogo, ila vipimo hajui. Nyie mnachanganyaje? Na samadi ya kuku inafaa au itaunguza miche?

Kingine maji, hapa tunatumia ya kisima yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu, mboga zitavumilia kweli au nikinge ya mvua?

Nataka mchicha, sukuma wiki, pilipili, giligilani na mnanaa wa chai. Nyanya naziogopa, au nijaribu tu mche mmoja? Na kuku wa mama mwenye nyumba mnawazuiaje jamani, maana hao hawana adabu na siwezi kuwasema.